Kimea Kisicholainisha Uji: Mwongozo Kamili wa Kukiandaa na Kukitumia

Kila aliyewahi kumlisha mtoto uji amekutana na jambo hili. Mtoto amekula nusu bakuli, amegeuza uso, nawe umeliweka bakuli pembeni. Ukirudi baada ya nusu saa, uji uliokuwa mzito umekuwa maji na kijiko kinazama. Hakuna aliyeongeza maji. Ni mate. Kila kijiko kilichotoka mdomoni na kurudi bakulini kilibeba mate kidogo, na ndani ya mate kuna kimeng'enya kiitwacho amilesi ambacho kazi yake ni kukata wanga.

Nafaka inayoota hutengeneza vimeng'enya vya jamii hiyohiyo. Ikioteshwa, ikakaushwa na kusagwa, unapata unga wa kimea: kijiko kimoja chake kinaweza kugeuza sufuria ya uji mzito kama ugali laini ukawa uji wa kunyweka. Hapa Dodoma tuna mtama, uwele na ulezi, tuna jua la kukaushia karibu mwaka mzima, na tuna watoto wengi wanaoshiba uji wa maji huku miili yao ikibaki na njaa.

Nafundisha baiolojia, na kwa sababu hiyo majirani huniletea makopo ya kimea kilichogoma. "Mwalimu, nimefuata yote, uji uko vilevile." Swali langu la kwanza huwa moja: "Mama, ulikitia lini?" Na jibu karibu kila mara ni lile lile: "Uji ukiwa unachemka." Wengine kimea chao kilikufa mapema zaidi, juu ya bati au ndani ya kikaango. Wachache walikuwa na kimea kizuri kabisa, ila walikitia kwenye uji ambao tangu mwanzo ulikuwa maji.

## Elewa hili kabla ya kuloweka chochote

Wanga ni mkufu mrefu wa sukari, kama shanga nyingi zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Ndani ya punje mikufu hiyo imefungwa kwa kubanana. Ukipika, maji ya moto huingia, vifungo vinavimba na kupasuka, mikufu inatawanyika na kunasana, na uji unakuwa mzito. Amilesi inapita katikati ya mikufu ikikata. Vipande vifupi havinasani, ndiyo maana uji unalainika na kuwa na utamu kidogo. Chakula chenyewe hakijapungua, kimekatwa tu.

Kimeng'enya hakiliki kikifanya kazi. Kinakata hapa, kinaachia, kinahamia pengine. Ndiyo sababu kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima.

Lakini kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloshika mkufu. Angalia ute wa yai ukiingia kwenye mafuta ya moto: unageuka mweupe, na hata ukiupoza haurudi kuwa ute. Amilesi nayo ikipata joto kali inakunjuka na hairudi. Kimea cha nafaka zetu hufanya kazi vizuri sana kati ya nyuzi 55 na 65. Kuanzia nyuzi 75 hivi kinaharibika haraka, na uji unaochemka Dodoma uko kwenye nyuzi 96 (tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika 100).

Ugumu wote uko hapo. Wanga unahitaji joto kali ili ufunguke, na kimeng'enya kinakufa kwa joto hilohilo. Basi huwezi kuvipika pamoja. Wanga uchemshwe kwanza, upoe, ndipo kimea kiingie.

## Vifaa

- Ulezi kilo 1 (au uwele, au mtama mweupe)
- Ungo, mabeseni 2, chujio
- Gunia safi la katani na kitambaa cha pamba. Kanga kuukuu iliyochemshwa inafaa
- Maji safi ya kunywa, kiasi cha ndoo moja
- Kichanja na turubai safi au mkeka wa kuanikia
- Kinu na mchi, au mashine ya kusaga
- Kopo lenye mfuniko unaobana
- Sufuria, mwiko, kikombe cha robo lita, kijiko cha chakula
- Kipimajoto cha jikoni ukikipata. Cha homa hakifai, kinaishia nyuzi 42
- Chupa ndogo ya tincha ya ayodini kutoka duka la dawa, kwa ajili ya kipimo tu

Kuhusu nafaka, kwa uji wa mtoto mdogo nashauri ulezi. Unaota upesi, kimea chake kina nguvu, na hauna tatizo la sumu ambalo mtama unalo, nitalieleza kwenye hatua ya 6. Ukitumia mtama, chagua mweupe kama Macia au Tegemeo. Mtama mwekundu au wa kahawia wenye ukakasi una tanini, na tanini hung'ang'ania vimeng'enya na kuvizuia visifanye kazi.

Onyo: usitumie kamwe mbegu za pakiti zilizopakwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani. Rangi hiyo ni alama ya dawa, na kuosha hakuiondoi. Epuka pia nafaka iliyochanganywa dawa ya kuua wadudu wa ghalani. Nunua kwa mtu unayeweza kumuuliza.

## Hatua ya 1: Pima kama nafaka iko hai

Hesabu punje 100, zikunje ndani ya kitambaa kibichi, weka mahali pa kivuli siku 2 hadi 3 bila kuacha kitambaa kikauke. Kisha hesabu zilizoota.

Zikiwa 90 au zaidi, endelea. Zikiwa chini ya 80, tafuta nafaka nyingine. Punje iliyokufa haitengenezi kimeng'enya, na ikikaa na unyevu siku 3 inakuwa shamba la ukungu katikati ya zile nzima. Watu wengi wanairuka hatua hii kwa sababu inachelewesha, lakini ulezi uliokaa ghalani miaka miwili unaweza kukuangusha hata ukifanya mengine yote sawasawa.

## Hatua ya 2: Chambua na osha

Pepeta, toa mawe, punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Osha kwa maji mara 3 hadi 4, ukimwaga yanayoelea juu. Simama pale maji yanapokuwa safi.

## Hatua ya 3: Loweka

Ulezi na uwele saa 10 hadi 12. Mtama saa 18 hadi 24. Maji yawe mara mbili ya nafaka, na uyabadilishe kila baada ya saa 6 au 8.

Sababu ya kuyabadilisha ni kwamba punje imeamka na inapumua. Inatumia oksijeni iliyomo kwenye maji, na ikiisha inaanza kuchacha badala ya kuota. Kila unapomwaga maji, acha nafaka ikae wazi kwenye chujio kwa nusu saa kabla ya kuongeza mengine, ipate hewa.

Dalili kwamba imetosha: punje imevimba, na ukiibana kwa kucha inabonyea badala ya kuteleza. Ikinuka kama pombe au kama choo, imezama mno. Mwaga.

## Hatua ya 4: Otesha

Hapa ndipo kimeng'enya kinapotengenezwa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Tandaza gunia bichi ndani ya nyumba au mahali pa kivuli. Mwaga nafaka, isambaze iwe na kina cha sentimita 2 au 3, funika kwa kitambaa kibichi. Ulezi huchukua siku 2 hadi 3, mtama siku 3 hadi 4.

Ndani ya punje, kiinitete kimepata maji na kinataka kukua. Chakula chake kipo palepale, wanga aliouhifadhi mmea mama, lakini wanga hauyeyuki na hausafiri. Kwa hiyo punje inatengeneza amilesi na kuipeleka kwenye ghala lake ili wanga ukatwe kuwa sukari inayoweza kufika kwenye mzizi. Sisi tunaisimamisha kazi hiyo katikati: vimeng'enya vimejaa, wanga bado haujaliwa.

Tatizo letu la kwanza Dodoma ni ukavu. Upepo wa kiangazi unaweza kukausha kitambaa ndani ya saa 2, na punje iliyoanza kuota ikikauka inakufa ikiwa nusu njia. Nyunyizia maji asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Kunyunyizia tu: maji yasituame chini ya gunia.

Tatizo la pili ni joto la nafaka yenyewe. Kuota ni kupumua: sukari inaungana na oksijeni, inatoka hewa ukaa, maji na joto. Kwenye tabaka jembamba joto linapotea. Kwenye rundo linabaki. Ingiza vidole katikati asubuhi na jioni. Ukihisi uvuguvugu unaozidi mkono wako, geuza nafaka yote taratibu na uipunguze kina. Kugeuza kunasaidia pia mizizi isisukane kama mkeka.

Juni na Julai usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 14, na kuota kunachelewa kwa siku nzima au zaidi. Lete gunia lenye nafaka chumba cha jikoni, lisikaribie moto. Usiongeze maji kwa kudhani ndiyo yanayokosekana.

Simamisha pale mizizi ya punje nyingi inapofikia sentimita 1 kwa mtama, na urefu kama wa punje mbili kwa ulezi. Ukiacha siku 6 au 7 mmea unakula sukari yake wenyewe na wewe unabaki na majani. Kimea kizuri wakati huu kinanukia kama tango lililokatwa.

Onyo: ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa njano, au ukasikia harufu ya uvundo, tupa yote. Usichambue punje mbaya ukabakiza nyingine, maana ukungu unasambaa kabla jicho halijauona. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupika wala kwa kuanika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu huku kwetu, Chemba na Kondoa, na Kiteto upande wa Manyara, kwa kula mahindi yaliyoharibika. Kilo 1 ya ulezi haifai kubishaniwa mbele ya jambo hilo.

## Hatua ya 5: Kausha bila kuua

Tandaza kimea juu ya turubai au mkeka kwenye kichanja, kina kisichozidi sentimita 1. Kigeuze kila saa. Kwa jua letu la kiangazi siku 1 hadi 2 zinatosha. Usiku kiingize ndani, na mchana mtu awepo, maana kuku na mbuzi wanakipenda kuliko sisi.

Usikianike juu ya bati. Jirani yangu mmoja aliotesha ulezi mzuri ajabu, mizizi sawasawa, harufu safi, akaumwaga juu ya bati la banda saa 6 mchana ili ukauke upesi. Alipoutumia, uji haukutikisika. Bati jeusi la saa 6 linaunguza mguu, na kimea kibichi hakivumilii joto ambalo kimea kikavu kinalivumilia. Maji yaliyomo ndani ndiyo yanayoruhusu protini kukunjuka. Kikishakauka kinakuwa kigumu zaidi kuharibika, lakini saa zile za mwanzo ni dhaifu sana.

Kwa sababu hiyohiyo usikikaange. Najua wengi wanapenda harufu ya unga uliokaangwa. Kaanga unga wa uji wenyewe kama unapenda, kimea kikae mbali na kikaango.

Kimekauka pale punje inapovunjika kwa mlio chini ya jino, na mizizi inakatika ukiisugua kati ya viganja.

## Hatua ya 6: Sugua na utoe mizizi

Sugua kimea kikavu kwa viganja au ndani ya gunia, kisha pepeta mizizi na vichipukizi vyote vitoke.

Kwa ulezi na uwele hatua hii inaondoa uchungu na makapi. Kwa mtama inalinda maisha. Wafugaji wa huku wanajua kwamba ng'ombe akiingia shamba la mtama mchanga, hasa ulionyauka kwa kukosa mvua, anaweza kuanguka na kufa palepale. Sababu ni vimeng'enya tena. Chipukizi la mtama lina kemikali iitwayo dhurini, na lina kimeng'enya cha kuivunja, lakini kila kimoja kimewekwa mahali pake ndani ya mmea. Chipukizi likitafunwa au kusagwa, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na inatoka sianidi. Ni ulinzi wa mmea dhidi ya mlaji.

Sehemu kubwa sana ya dhurini iko kwenye vichipukizi na mizizi, ndani ya punje ni kidogo. Kwa hiyo kimea cha mtama kisagwe baada ya kupepetwa hadi usione hata uzi mmoja. Makapi yake yafukie, usiwape mbuzi wala kuku. Na kama macho yako yamechoka au mwanga ni hafifu, acha hadi kesho.

## Hatua ya 7: Saga na uhifadhi

Kinu ni kizuri kwa kiasi kidogo. Ukienda mashineni, mwombe mtu wa mashine asibane mawe sana, kwa sababu unga unaotoka ukiwa wa moto umepoteza sehemu ya nguvu yake. Mwombe pia atangulize konzi mbili za nafaka yako na kuzitupa, ili usichanganye na mahindi ya mtu mwingine. Ukifika nyumbani tandaza unga upoe kabla ya kuufunika.

Weka kwenye kopo kavu, funga, andika tarehe. Mimi huutumia ndani ya miezi 2, sizidishi 3. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu daima.

## Hatua ya 8: Pika uji, poza, tia kimea, chemsha tena

Vipimo vya kuanzia: maji lita 1, unga wa uji gramu 200 (kikombe kimoja na nusu hivi), kimea kijiko 1 cha chakula kilichojaa.

Usishangae unga kuwa mwingi, hapo ndipo faida ilipo. Tumbo la mtoto linabeba kwa mlo mmoja kiasi cha mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 ana nafasi ya mililita 240, kikombe kimoja. Uji mwepesi wa gramu 50 kwa lita unampa kilokalori 40 hivi katika nafasi hiyo. Uji wa gramu 200 unampa zaidi ya 130. Kimea hakiongezi chakula chenyewe. Kinakuruhusu kuongeza unga mara 3 au 4 na bado mtoto akaweza kumeza. Ukikitia kwenye uji ambao tayari ni mwepesi, umepata maji matamu.

Kwanza, pika. Koroga unga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika 15 hadi 20 ukikoroga. Utakuwa mzito hadi mwiko unakaribia kusimama. Hivyo ndivyo unavyotakiwa.

Pili, epua na upoze. Toa sufuria jikoni kabisa, usiiache juu ya majivu ya moto. Uji mzito unashika joto kwa muda mrefu, na juu unaweza kuonekana umepoa huku katikati ukiwa bado zaidi ya nyuzi 80. Ukoroge hadi chini. Ukiuhamishia kwenye sufuria nyingine pana utapoa haraka zaidi. Mwenye kipimajoto asubiri 60. Asiye nacho achote uji kwa kijiko safi kutoka katikati na auonje: ukivumilika mdomoni bila kupuliza, tayari. Kijiko hicho kisirudi sufuriani, mate yako nayo yana amilesi na vijidudu.

Ukiwa na shaka, kosea upande wa baridi. Kwenye nyuzi 45 kimea kinafanya kazi polepole lakini kinafanya. Kwenye 80 kinakufa kabla hujamaliza kukoroga. Bibi zetu wanaotengeneza togwa wanajua hili bila kipimajoto: hupika uji, wakauacha upoe, ndipo wakatia kimea.

Tatu, tia kimea. Nyunyiza huku ukikoroga. Zingatia mkono wako. Mwanzoni mwiko unaburuta na kuacha mfereji nyuma yake. Baada ya dakika moja hivi mfereji unaanza kujifunga wenyewe. Kisha uso wa uji unang'aa, mwiko unakuwa mwepesi ghafla, na uji unadondoka kwenye ncha yake kama mtindi, halafu kama maziwa mazito. Ukiwa wa nyuzi 60 mabadiliko makubwa yanaonekana ndani ya dakika 5. Nimeliona mara nyingi, na kila mara nafurahi upya, na kina mama wanaoliona kwa mara ya kwanza huwa wanachungulia sufuria kama kuna aliyemwaga maji.

Acha dakika 10 hadi 15 kamili.

Nne, chemsha tena dakika 5. Hili lisirukwe. Kimea ni unga mbichi uliokaa na unyevu siku kadhaa, una vijidudu, na uji wa vuguvugu ni mahali pazuri kwao kuzaana. Uji hautarudi kuwa mzito, kwa sababu mikufu iliyokatwa haiungwi na moto. Sasa joto linaua vijidudu pamoja na kimeng'enya, na kimeng'enya kimeshamaliza kazi yake.

Tano, ongeza vingine. Karanga zilizosagwa na maziwa viingie sasa. Ubuyu, ukwaju na limao pia sasa, si kabla. Tunapenda sana ubuyu kwenye uji huku, lakini ni mchachu, na uchachu mkali unaharibu umbo la kimeng'enya kama joto linavyofanya. Magadi nayo yakae mbali.

Uji huu ni kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, pamoja na maziwa ya mama. Mpe ndani ya saa 2. Usiuweke kwenye chupa ya chai asubuhi ukitegemea umpe jioni, maana ukishakuwa vuguvugu vijidudu vinaongezeka kwa kasi. Mtoto aliyekonda sana, aliyevimba miguu au anayekataa chakula apelekwe kliniki, asisubiri uji.

## Ukikwama: pima kimea chenyewe

Koroga vijiko 2 vya kimea kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Acha dakika 20 kitulie, kisha mimina taratibu maji ya juu yaliyo safi. Amilesi imeyeyuka humo, unga umebaki chini. Gawa maji hayo mara mbili, nusu moja uichemshe dakika 5.

Chemsha nusu kijiko cha chai cha unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji, ukipoa hadi vuguvugu ugawe kwenye vikombe viwili. Kimoja kitie maji mabichi ya kimea, kingine yaliyochemshwa. Kila baada ya dakika 5 chukua tone kutoka kila kikombe, liweke kwenye sahani nyeupe, udondoshee ayodini.

Ayodini ikikutana na wanga inakuwa bluu nyeusi. Kikombe cha kimea kilichochemshwa kitabaki bluu nyeusi hadi uchoke. Kile kingine, kimea kikiwa hai, kitapita zambarau, kisha wekundu wa kahawia, hadi ibaki rangi ya ayodini yenyewe. Mwaga vyote, osha sahani kwa sabuni, hakuna cha kuonja hapa.

Vikombe vyote vikibaki bluu nyeusi, kimea chako kilikufa. Rudi hatua ya 5 ujiulize kuhusu jua, bati na mashine. Kimea kikionekana hai lakini uji haulainiki, kosa liko hatua ya 8, na mara nyingi ni uji kuwa wa moto kuliko ulivyodhani.

Uji ukilainika kidogo halafu ukaganda tena ulipopoa, uliuchemsha mapema kabla ya kazi kuisha. Safari ijayo ongeza dakika, si vijiko.

Na wanaoniuliza kama maji yetu ya visima yenye chumvichumvi ndiyo yanayoharibu: hapana. Ugumu wa maji hayo unatokana kwa sehemu kubwa na kalsiamu na magnesi, na amilesi ya kimea inahitaji kalsiamu ili umbo lake liwe imara. Yatumie, mradi ni salama kwa kunywa.